Kitabu cha Firmin Hakijapasuliwa

Paris, 8 Oktoba 1922

Shangazi yangu Léontine,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na kutoka kwa mdogo wangu Firmin, ambaye amelala hapa nyuma yangu na ameniambia nisisahau kuuliza kama yule paka wako mweusi bado anaiba siagi. Mimi ni mzima. Kazi ya kuunganisha simu naendelea nayo, kutwa nzima naunganisha watu wasio na la kuambiana, na jioni masikio yananiwaka. Goti lako linaendeleaje? Ng'ombe wameshashuka kutoka mlimani? Na baba je? Nimemwandikia mara tatu, hajibu.

Sasa nikuambie kilichonikalisha chini. Firmin anatema damu. Daktari amesema aondoke Paris kabla ya baridi kali, aende kwenye hewa safi, alale, ale, asiandike. Nikamuuliza Firmin anataka kwenda wapi. Akasema, "Nyumbani. Chumba cha mama, kile cha dirisha la kutazama zizini." Hana jingine analolitaka, shangazi. Anataka kulala pale.

Hapa hawamwachi. Tangu kitabu chake kitoke mwezi uliopita, kila mtu anamtaka, kwa sababu ana miaka ishirini na ana uso mzuri. Kuna mama mmoja tajiri, Madamu Sérizolles, anayekusanya watu sebuleni kwake kila Alhamisi. Anamshika Firmin begani, "Huyu ndiye mtoto wetu," anamsimamisha asome. Akikohoa, wanatazamana kana kwamba kaimba. Juzi mwanamume mmoja aliyerukiwa na kikohozi chake alijifuta mkono wa koti kwa leso, kisha akampigia makofi. Nilitoka nikatapika kwenye ngazi zake za marumaru, wala sijutii. Na mchapishaji, Bwana Tavernol, amezungushia kila kitabu utepe wa karatasi nyekundu wenye maneno "MIAKA ISHIRINI!", kama anauza ndama.

Tafadhali zungumza na baba. Wewe umekaa naye nyumba moja miaka yote hii, labda atakusikiliza.

Mwanao,
Solange

*

Montsalvert, 19 Oktoba 1922

Solange mwanangu,

Barua nimeipata. Goti langu ni lile lile, mvua ikinyesha linanipigia kelele, na huku mvua haijaacha. Ng'ombe wameshuka wote salama. Jibini la mwaka huu limetoka zuri, nitakutumia kipande nikipata wa kukileta. Mke wa fundi viatu amejifungua pacha, na wote wawili wana sura ya baba mkwe. Paka ni mzima na ni mwizi vilevile.

Sasa kuhusu Firmin. Baba yako amesema hapana. Na mimi nimesema hapana pamoja naye, afadhali ulisikie kwangu.

Hivi mtoto aliyenyonya titi la Eulalie anawezaje kumwandika mama yake vile? Miaka minne tu tangu homa ile ituondolee, hata msalaba haujaota ukungu! Kaka yangu alinisomea mwenyewe, mezani. Mke wa wakili wa hati katika mji mdogo, wakati wa vita, kila Jumanne jioni anashusha utaji usoni, anaingia kwenye nyumba alikopanga kapteni wa jeshi. Anapanda ngazi. Mlango unafungwa. Kisha anatoka, mashavu yamemwiva, anajifuta vidole kwa leso. Vidole, Solange! Nikamwambia kaka acha, supu inanirudi kooni.

Mji mzima unajua ni nyumba ya Mwalimu Peyrac inayosemwa, maana kapteni alipanga pale kweli. Unajua ni wakili gani na mke gani. Kaka kamwambia meya, kamwambia padri, kawaambia wateja wake ofisini: "Mwanangu kamfanya mama yake malaya na anauza dukani." Mimi kitabu hicho sijakigusa na sitakigusa. Mtu akinitapikia sahanini simuulizi alikula nini.

Naumia juu ya kifua chake. Mpe maziwa ya moto na asali. Lakini mlango wa nyumba hii usiuangalie.

Shangazi yako,
Léontine

*

Paris, 27 Oktoba 1922

Shangazi,

Hongera nyingi kwa mke wa fundi viatu. Mimi mzima. Sina habari nyingine za kupendeza, kwa hiyo niingie moja kwa moja.

Nilimsomea Firmin barua yako. Sikutaka, ila aliniona nikiificha. Nilidhani atalia. Akasema, "Rudia pale pa vidole." Nikarudia. "Na baba kasemaje kuhusu chaki?"

"Hakuna chaki kwenye barua hii," nikasema.

Akacheka, shangazi. Alicheka mpaka ikatoka damu, nikamshika paji la uso juu ya beseni, na bado alikuwa anacheka. "Hajakipasua," akasema. "Mungu wangu, baba hajakipasua kitabu!"

Unavijua vitabu vyetu vinavyotoka dukani. Karatasi zimekunjana bado, kurasa mbili zinasomeka na mbili zinazofuata zimefungana pembeni mpaka uingize kisu. Baba hakutaka kisu chake kiguse uchafu. Kakishika kwa vidole viwili, kachungulia panapochungulika, akaunganisha mwenyewe kilichobaki. Kwa kuchungulia huko kamhukumu mwanawe na kamvua nguo mkewe mbele ya meya!

Sikuambii kilichomo kwenye kurasa zilizofungana. Firmin kakataza. Anasema, "Asiyesoma asisimuliwe. Mtu anayetaka kunifungia mlango anisome kwanza." Nakutumia nakala, Firmin mwenyewe kaandika jina lako mbele. Kisu unacho.

Bwana Tavernol alikuja jana na mpiga picha. Walimwinua Firmin kwenye mto, wakamfungua vifungo vya shati ili mifupa ya shingo ionekane. Nikawafukuza kwa kikaango. Mpiga picha aliniambia ninaharibu mwanga.

Ukisoma, niandikie upesi.

Solange

*

Montsalvert, 30 Novemba 1922

Solange mwanangu,

Nisamehe kimya. Tumemchinja nguruwe, soseji zimening'inia jikoni kote, na siku ya makaburi nilipeleka maua kwa Eulalie. Hizo zote ni kazi, lakini sizo zilizonizuia kuandika.

Nilikipasua. Kwa kisu cha nguruwe, ndicho kilichokuwa mkononi, na ukurasa wa arobaini una doa la mafuta mpaka mwisho wa dunia. Nilikaa stoo, mlango nimefunga, nikasoma.

Eulalie hakujua kusoma! Mke wa wakili! Alijua kuandika jina lake tu, na kaka alimwoa kwa ajili ya mashamba ya baba yake, hakumuuliza. Miaka yote ile nimekaa naye meza moja nikiamini anavyosema kwamba macho yanamuuma. Barua za Firmin kutoka shule ya bweni kaka ndiye alizisoma kwa sauti wakati wa supu, akiruka alipotaka. Basi yule mwanamke akaona aibu ya kumwambia mumewe, akaenda kwa Mwalimu Peyrac, kikongwe wa watu, kila Jumanne akashika kibao na chaki kama mtoto wa darasa la kwanza. Kapteni mwenyewe kumbe ni jozi ya buti tu zilizowekwa mlangoni pa chini na mkoromo! Hana hata neno moja kitabuni. Halafu pale mwisho anapokaa peke yake dirishani na barua ya mtoto, kidole kinafuata mstari, anakwama, anarudi nyuma, mpaka anafika "nakukumbuka, mama," maneno ambayo hajawahi kusomewa. Nililia, mafuta yakaganda kwenye sufuria.

Mwambie Firmin shangazi yake amesoma.

Nikaenda kwa kaka. Nikaweka kisu mezani. "Kaka, umesoma nusu. Lete kitabu tukipasue."

"Nilichosoma kinatosha."

"Hakitoshi. Yaliyobaki yanageuza kila kitu."

Unajua alisemaje? Hakusema mimi mwongo. Aliangalia kisu, akasema, "Meya nimeshamwambia. Padri nimeshamwambia. Siku ya makaburi watu hamsini walinishika mkono, wananionea huruma. Unataka nizunguke nyumba kwa nyumba niseme nilikosea?"

Nimekula naye chakula tangu tukiwa watoto, na siku hiyo nilitazama mdomo wake ukitafuna nikaona kinyaa. Kwake afadhali mkewe awe malaya midomoni mwa watu kuliko yeye aonekane mjinga. Na ile huruma anaipenda! Nilimwona pale kaburini, kainamisha kichwa, anapokea mikono, uso umemng'aa.

Kitabu kipo kwenye droo yake. Mlango bado anaushikilia yeye, nyumba ni yake. Lakini sitaacha kumkera.

Léontine

*

Paris, 12 Desemba 1922

Shangazi yangu,

Asante kwa soseji, zimefika salama. Firmin alikula vipande viwili, na barua yako ameilalia. Kila akiamka anapapasa kama ipo.

Umesikia? Amepata tuzo. Ile kubwa. Wazee wa tuzo walikutana hotelini, wakala chaza na bata, na kabla ya jibini walikuwa wameshapiga kura. Jioni watatu walikuja kumpongeza, chumba kikajaa harufu ya mvinyo na sigara, mgonjwa anakosa pumzi. Mmoja, mwenye ndevu nyeupe, alisema kitabu kimemtikisa roho, kisha akatoa nakala yake mfukoni ili Firmin aisaini. Nikaipokea mimi. Haijapasuliwa, shangazi. Hata ukurasa mmoja! Firmin aliiona. Akasaini, akamwambia, "Natumaini ulipenda sura ya chaki." Mzee akafumba macho: "Ah, chaki! Chaki!" Nilitoka nje nikauma kitambaa.

Tavernol amebadilisha utepe. Sasa unasema "MIAKA ISHIRINI! TUZO!" Alimvuta daktari koridoni, nami nikamsikia: "Kama mwisho ni kabla ya Pasaka niambie tu, nipange karatasi za kuchapia." Kitabu cha pili Firmin kakifikisha katikati. Tavernol analeta binti mwenye mashine ya kuchapa, anamkalisha kando ya kitanda ili neno lisipotee. Binti mwenyewe analia akichapa. Madamu Sérizolles naye ameleta fundi wa kuchonga, apime uso "mapema, wakati bado una uhai".

Na yeye haombi tuzo wala sanamu. Kila asubuhi ananiuliza, "Baba kasoma?"

Solange

*

Montsalvert, 17 Desemba 1922

Solange,

Salamu zote, goti lipo, paka yupo. Magazeti yamefika.

Ungemwona baba yako! Alisoma jina la Firmin ukurasa wa mbele akiwa kwa kinyozi, akarudi nusu uso umenyolewa na nusu una povu. "Léontine, tandika chumba cha Eulalie!" Godoro limetolewa juani, jiko limewashwa, vioo vimefutwa. Meya kaja na mkewe. Bendi ya tarumbeta inafanya mazoezi ili impokee stesheni. Padri, yule yule aliyesema kitabu kichomwe, anataka aje awasomee vijana. Na wale hamsini wa mikono ya pole wamerudi na mikono ya pongezi. Kaka anaipokea kwa uso ule ule. "Kipaji," anasema, "kwetu ni cha ukoo."

Nikamuuliza, "Umekipasua?"

"Kuna haraka gani? Paris imeshakisoma."

Nilikuwa nimeshika bakuli la maziwa. Lilimkosa kidogo.

Lakini mlango umefunguliwa, na ndicho mtoto alichotaka. Mlete. Usiangalie umefunguliwa kwa sababu gani. Mimi nitafunga madirisha wasimpigie matarumbeta masikioni, nitasimama mlangoni pa chumba na ufagio. Mlete haraka, mwanangu, kabla theluji haijafunga reli.

Shangazi yako

*

Paris, 9 Januari 1923

Shangazi,

Simu ya maandishi mliipata, kwa hiyo unajua. Sikuweza kukuandikia kabla ya leo.

Mizigo ilikuwa tayari. Nilishakata tiketi, nilishamnunulia soksi za sufi. Nilimsomea barua yako yote, ya kinyozi na ya bakuli, akatabasamu. Kisha akauliza, "Amekipasua?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifungua mdomo nimdanganye, akanitazama. Nikasema, "Bado."

Akageukia ukutani. "Basi tusiende, Solange. Pale watanilaza kama kikombe cha mashindano." Nikambembeleza. Nikamwambia hewa, nikamwambia dirisha la zizi, nikamwambia shangazi na ufagio wake. Akasema, "Shangazi nampenda. Lakini kile ni chumba cha mama, na baba bado anaamini alikuwa anakwenda kwa kapteni. Nitalalaje mle?" Hakuzungumza tena habari za nyumbani. Siku ya nne alfajiri akaniomba maji, nikayaleta, hakuyanywa.

Baba alifika na meya. Wewe hukuja, najua theluji na goti, usijilaumu. Mbele ya kanisa kulikuwa na magari mpaka kona. Tavernol alileta shada kubwa lenye utepe mwekundu, na naapa nilisoma maandishi mara mbili kuhakikisha halikuwa tangazo. Lilikuwa tangazo. Madamu Sérizolles aliegemea jeneza kwa mkono mmoja, mpiga picha akamwambia asisogee. Wale wa tuzo walisimama mstari wa mbele. Mwenye ndevu alihutubia. Kisha baba akahutubia. Alimwita "mwanangu niliyemwelewa kuliko wote," akasema anamchukua aende akalale kando ya mama yake, gari la moshi linangoja, bendi inangoja.

Sikupanga kusema kitu. Niliona mkono wake juu ya mbao za jeneza. Nikasema kwa sauti, "Baba. Mama alikuwa anakwenda wapi Jumanne jioni?"

Akawa mwekundu. "Solange, si mahali pake hapa."

"Ndipo hasa. Jibu limo kitabuni. Alikuwa anakwenda wapi?"

Akamtazama meya. Meya akatazama kofia yake. Nikawageukia wale wengine, mwenye ndevu, Madamu, waandishi wa magazeti, wote waliosema wametikiswa roho. "Basi nyinyi mwambieni. Mtu mmoja tu. Mke wa wakili alikuwa anakwenda wapi?" Madamu akanong'ona, "Kwa mpenzi wake, masikini," wengine wakatikisa vichwa kukubali. Tavernol aliangalia viatu. Nadhani yeye alijua, na aliona ni heri kitabu kiuzwe hivyo hivyo.

Shangazi, nilitema mate chini. Mbele ya kanisa, mbele ya padri. Nikawaambia wabebaji wazungushe jeneza. Nimemzika hapa hapa Paris, upande wa ukuta, tukiwa mimi, na binti wa mashine, na wabebaji wanne. Baba alirudi na meya na gari tupu.

Alitaka chumba cha mama, na sikumfikisha. Hilo linaniua. Niambie nilikosea, au niambie sikukosea, lakini niambie wewe.

Solange

*

Montsalvert, 2 Februari 1923

Solange mwanangu,

Hukukosea. Naliandika mwanzo, kabla ya salamu, ulale nalo.

Mimi mzima. Theluji imefika madirishani. Mmoja wa wale pacha amefariki, mwingine ananyonya vizuri. Nimekwenda kwa Mwalimu Peyrac kumpa habari. Haoni tena, kikongwe wa watu. Alinishika mkono akasema tu Eulalie alikuwa mwanafunzi mgumu na hakukosa Jumanne hata moja.

Baba yako alirudi akawaambia watu kwamba huzuni imekupandisha wazimu. Wakampa tena mikono ya pole, kama siku ya makaburi. Mimi nimeacha kula naye. Nampakulia, naondoka na sahani yangu, maana nikimtazama chakula hakishuki.

Jana alikuja jikoni. Kaka yangu haingii jikoni, sikumbuki lini aliingia. Kitabu alikuwa nacho, bado kimefungana vilevile, pembeni kimechafuka kwa kushikwashikwa. Akakaa kwenye kiti cha kumenyea viazi.

"Léontine. Alikuwa anakwenda wapi?"

"Umekishika mkononi, kaka."

"Niambie wewe. Neno moja tu."

"Firmin alikataza kusimulia. Kasome."

Nikampa kisu. Akakishika, akaingiza ncha kidogo tu kwenye mkunjo wa kwanza. Akakitoa. Akaniuliza, sauti yake sijawahi kuisikia hivyo, "Na kama alikuwa mwema?"

Nilikuwa na maneno mengi, mwanangu, yote machafu, na kila moja lilimstahili. Nikavaa koti nikaenda kulisha kuku. Nilikaa nao huko nje mpaka baridi ikanitoa machozi.

Nimefunga mizigo yangu. Reli ikifunguliwa nakuja kwako, nitalala jikoni, nitakuonyesha kupika kabichi kama inavyotakiwa, na utanipeleka pale upande wa ukuta. Mezani nilimwachia mkate na soseji. Jana niliporudi ndani kutoka kwa kuku alikuwa hajaondoka kwenye kile kiti, kitabu kipo mapajani, kisu amekirudisha mezani pale pale nilipokichukua.

Shangazi yako,
Léontine